Binti anataka kuuguza wagonjwa wa akili, baba amegoma

Wiki mbili zilizopita tulizungumza hapa kuhusu vijana na uchaguzi wa kozi za chuo. Katika ujumbe uliokuja baada ya hapo, kuna mmoja nimeurudia mara kadhaa. Umetoka kwa mama mmoja wa Morogoro. Nimeondoa mambo ambayo yangemtambulisha, mengine nimeyaacha kama alivyoyaandika.

"Dada, pole na kazi. Binti yangu wa pili anasomea uuguzi, yuko mwaka wa mwisho. Mwezi uliopita walikuwa kwenye mazoezi ya vitendo, wakapelekwa wodi ya wagonjwa wa akili. Amerudi anasema hiyo ndiyo kazi anayoitaka, wodi ya wazazi wala ya watoto hazitaki tena. Baba yake amekasirika, anasema hakuuza shamba ili mtoto akachunge vichaa. Mimi naogopa atapigwa, na naogopa mwisho wake na yeye atachanganyikiwa. Ni mtoto mpole, hapendi kelele. Hii kazi inataka mtu wa namna gani? Nimkataze au nimwache?"

Mama, nakushukuru kwa lile swali la katikati. Wazazi wengi huniuliza la mwisho tu, nimkataze au nimwache, na hapo huwa sina cha kuwajibu. Lakini ukishajua kazi inataka mtu wa namna gani, unaweza kumtazama binti yako mwenyewe ukaona. Kabla ya ukurasa huu nilivaa sare ya uuguzi kwa miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo niliifanya katika wodi hizo hizo zinazokutisha, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekaa humo.

Kwanza neno dogo kwa baba. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma ipo tangu mwaka 1927, karibu karne nzima inatibu watu, na sisi jina lake tunalitumia kutukanana. "Wewe ni wa kupelekwa Mirembe." Wakenya nao wana lao, Mathari. Baba anaposema "vichaa" hajalitunga yeye, amelikuta mtaani kama sote. Simlaumu. Ila binti yake sasa amekaa na watu hao, amewalisha, amewasikiliza, anawajua kwa majina. Hawezi tena kulisikia neno hilo kama zamani, na nadhani ndiyo maana umeona amerudi amebadilika.

Sasa kazi yenyewe. Katika wodi ya upasuaji muuguzi ana mkasi, ana bandeji, ana dripu, na kidonda anakiona kinavyopona. Wodi ya akili ina dawa pia, vidonge na sindano, lakini kifaa ambacho muuguzi anakitumia kutwa nzima ni yeye mwenyewe: sauti yake, uso wake, anavyokaa, anavyonyamaza, anavyotimiza alichosema. Kuna muuguzi Mmarekani, Hildegard Peplau, aliyetoa kitabu mwaka 1952 kilichobadilisha namna kazi hii inavyofundishwa. Alikuwa amekimaliza mwaka 1948, kikakaa miaka minne bila kuchapishwa kwa sababu enzi hizo ilionekana si sawa muuguzi kutoa kitabu bila daktari kuandika naye. Alichosema, kwa maneno yetu ya nyumbani, ni kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba. Unaanza wawili hawa wakiwa wageni kabisa, unapita katika kuaminiana, unaisha mgonjwa akiwa hamhitaji tena muuguzi. Alisema pia kwamba wasiwasi unahama. Muuguzi akiingia chumbani anatetemeka moyoni, mgonjwa ataupokea wasiwasi huo hata kama hakuna neno lililosemwa. Wazazi mnalijua hili, mtoto mchanga huwa analia zaidi mikononi mwa mtu mwenye hofu.

Kwa hiyo jambo la kwanza linalotakiwa ni mtu anayejijua. Anayeweza kusema, leo nimekuja kazini na hasira za nyumbani, ngoja nizitue kabla sijaingia wodini. Hili si la kuzaliwa nalo. Linafundishwa, na linachukua muda.

La pili ni kusikiliza, na hapa Kiswahili chetu chenyewe kinatuchezea. Muulize mtu habari, atakujibu nzuri. Hujambo, sijambo. Mtu hajalala siku tano, anawaza kufa, ukimsalimia anakujibu salama. Ni adabu, hakudanganyi. Muuguzi asiyejua kuvuka salamu ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Anayejua atavuta kiti, atakaa, atauliza jingine: umelala saa ngapi, chakula cha mchana kilikupitaje, jana ulikuwa unatembea uani, leo vipi mbona umejifunika? Halafu atanyamaza. Kunyamaza huku kuna kazi. Mtu mwenye sonona kali hujibu polepole sana, unaweza kuhesabu mpaka kumi kabla midomo haijafunguka. Ukimjazia nafasi hiyo kwa maneno yako, umempoteza.

Na hata akifungua mdomo hatasema "nina sonona". Atasema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, nina mawazo mengi, mwili hauna nguvu. Wengine wamezunguka zahanati nyingi wakipimwa malaria na kupewa dawa za kichwa. Binti aliyelelewa na bibi anayejua kusikiliza habari ndefu za magonjwa bila kumkatisha msemaji ameshapata somo ambalo chuo kinahangaika kuwapa wenzake.

Nikae kidogo kwenye jambo linalowashinda wanafunzi wengi, kwa sababu nyumbani pia linawashinda watu. Mgonjwa anakwambia kwamba jirani ametia sumu kwenye ugali. Ana uhakika. Mwanafunzi mgeni hufanya moja kati ya mawili. Atabishana, "hakuna sumu, mbona wenzako wamekula," na mgonjwa atamhesabu kuwa yumo katika njama. Au atakubali ili yaishe, "ndiyo, nitamwambia jirani aache," na hapo ameuthibitisha ugonjwa. Muuguzi aliyekomaa anapita katikati. Anasema hivi: "Mimi sumu sijaiona. Ila naona unaogopa, na kula huku unaogopa ni kazi ngumu. Unataka ujipakulie mwenyewe kutoka kwenye sufuria tunayokula wote?" Hajadanganya, hajagombana, na chakula huenda kikaliwa. Inaonekana rahisi kwenye karatasi. Jaribu saa nane usiku, mara ya sita, na mtu anayekupigia kelele.

Kuna na suala la vidonge. Mgonjwa anakataa dawa, na ndugu wanasema ni mkaidi. Muuguzi mwenye masikio anauliza: dawa hii inakufanyaje? Huko ndiko utakakosikia kwamba shingo inakakamaa, mikono inatetemeka, mate yanamtoka, au macho yanavutwa juu hayashuki. Baadhi ya dawa za zamani za ugonjwa wa akili zinaweza kufanya hivyo kweli, na familia ambayo haikuambiwa huona macho yamegeuka juu ikasema mapepo yamerudi, ikaziacha dawa na kumpeleka mgonjwa kwingine. Hali hiyo ina tiba, daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kuongeza ya kuzuia. Lakini lazima awepo aliyeuliza.

Swali gumu kuliko yote ni la kujiua. Watu wazima wengi wanaamini ukilitaja unampa mtu wazo. Si kweli; kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi huona mzigo umepungua kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Muuguzi hujifunza kuliuliza kwa sauti ya kawaida, bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua? Umeshafikiria kwa njia gani?" Akipata jibu la ndiyo hapigi kelele, hahubiri, hasemi "na watoto wako je". Hamwachi peke yake, na anatoa taarifa. Mzazi unayesoma hili na una kijana aliyejifungia chumbani wiki ya pili, swali hili unaweza kuliuliza hata wewe, jioni hii. Akisema ndiyo, kaa naye, ondoa vitu vya hatari karibu yake, na mfikishe hospitali usisubiri kupambazuke. Ukikwama kuhusu mtoto, namba 116 ya simu kwa mtoto ni ya bure, Tanzania na Kenya.

Hapo nimegusa siri, na siri ina pande mbili. Muuguzi hatoki na habari za wodini kwenda nazo sokoni, hata kama mgonjwa ni mwalimu wake wa zamani, hata kama ni mtu maarufu. Lakini pia haahidi asichoweza kutimiza. Mgonjwa akisema "nikwambie kitu lakini usimwambie mtu," jibu sahihi ni kwamba siri yako nitaitunza, isipokuwa kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini. Hapo nitawaambia wenzangu, na wewe utajua kwamba nimewaambia. Ahadi ni kitu kizito sana mle ndani. Ukisema narudi baada ya chai, urudi. Kuna wagonjwa ambao ndugu wamewaambia "tunakwenda kusalimia shangazi" wakajikuta getini hospitali. Mtu aliyefikishwa kwa uongo anapima kila neno lako, na dakika kumi za kuchelewa kwake ni ushahidi.

Mama, sasa nije kwenye neno lako "mpole". Hapa huenda tukatofautiana.

Upole peke yake hautoshi, na kuna aina ya upole unaoumia vibaya katika kazi hii. Ni ule wa mtoto asiyeweza kusema hapana. Mgonjwa ataomba namba ya simu, ataomba akopeshwe, atamletea zawadi, atamwambia "wewe peke yako ndiye unayenielewa, wale wengine wabaya". Sentensi hiyo ya mwisho ni tamu sana kwa kijana wa miaka 22. Akiimeza, keshagombana na wenzake wa zamu, na mgonjwa amebaki na watu wawili wanaovutana badala ya timu inayomtibu. Muuguzi anatakiwa aweze kusema hapana akiwa bado anatabasamu, bila kumfukuza mtu na bila kumdhalilisha. Wodini tunaita mipaka. Mwangalie binti yako nyumbani: binamu akimwomba hela ambayo hana, anafanyaje? Kama anakopa kwa mwingine ili ampe, anza kumfundisha sasa, kwa sababu huko atamalizwa.

Ninaogopa pia, kwa kiasi fulani, kijana anayekwenda kuokoa watu. Anayesema nitawaponya wote kwa upendo. Wagonjwa wa skizofrenia wengine hupona wakarudi kazini, wengine huishi na ugonjwa maisha yao yote wakiingia na kutoka hospitali, na mtu aliyekuja kuokoa huanza kuwachukia wale wasiookoka. Mwulize mwanao kwa nini anaipenda kazi hii. Akikwambia habari ya mgonjwa mmoja aliyeanza kuoga mwenyewe siku ya tisa, na akaisema kama habari kubwa, huyo ameelewa.

Kuhusu kupigwa, sitakudanganya. Inatokea. Watu wengi wenye ugonjwa wa akili si wakorofi, mara nyingi wao ndio wanaopigwa na kunyanyaswa huko mitaani, lakini wodi inapokea watu wakiwa katika siku zao mbaya kabisa. Kwa sababu hiyo kutuliza mtu ni ujuzi unaofundishwa kama kuchoma sindano. Unasimama mbali kuliko urefu wa mkono, tena kwa upande kidogo, usimkabili kama mnaotaka kupigana. Mikono ionekane. Usizibe mlango, wake wala wako. Anasema mtu mmoja tu, wengine wanyamaze. Sentensi fupi, sauti ya chini kuliko yake. Humwambii "tulia", hakuna aliyewahi kutulia kwa kuamriwa. Unampa la kuchagua, ukae hapa au tutoke uani? Hereni ndefu na mkufu vinabaki nyumbani. Na kukiwa na dalili mbaya huendi peke yako. Binti asiyependa kelele anaweza kuwa mzuri sana hapa, kwa sababu hataongeza kelele juu ya kelele. Nimewaona wanaume wenye vifua wakichochea ugomvi ambao dada mwembamba aliuzima kwa kuuliza tu, "umekula?"

Kuchanganyikiwa kwa kukaa na wagonjwa, hapana. Magonjwa haya hayaambukizi. Kinachowapata wauguzi ni kuchoka kwa ndani: usingizi unapotea, mtu anakuwa mkavu, anawasemesha wagonjwa kama mizigo. Dawa yake ni kuwa na mkubwa wa kazi unayeweza kumweleza yaliyokupata, kubadilishana zamu kwa haki, na kuwa na maisha nje ya wodi, kwaya, mpira, marafiki wasiojua lolote kuhusu hospitali. Sehemu nyingine zina msimamizi wa namna hiyo, nyingine hazina kabisa. Binti akienda kuomba kazi, aulize hilo kabla ya kuuliza nyumba ya kuishi. Na wewe mama utakuwa na kazi yako: akipiga simu usiku baada ya zamu mbaya, sikiliza bila kusema "si nilikwambia". Ukisema hivyo mara moja, hatapiga tena.

Baba huenda anajiuliza kama haya ya kuongea vizuri ni kazi ya kusomea kweli, au ni tabia njema tu. Mpe mfano huu. Mwaka 1972 watafiti wa London, George Brown na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 101 wa skizofrenia waliotoka hospitali kurudi kwa familia zao. Kabla ya hapo walikuwa wamesikiliza jinsi ndugu wanavyomzungumzia mgonjwa. Waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi, uhasama au kuingiliwa kupita kiasi, asilimia 58 waliugua tena ndani ya miezi tisa. Kwenye nyumba zenye utulivu ilikuwa asilimia 16. Ndugu hao hawakuuleta ugonjwa, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu najua kuna wazazi wanaosoma hapa wakijilaumu. Wengi walikuwa wamechoka na wamebeba peke yao. Lakini namna ya kusema na mgonjwa ina uzito unaopimika, na familia zilizofundishwa namna hiyo zilionekana kusaidia wagonjwa wao wasirudi wodini haraka. Mtu wa kuzifundisha familia hizo, katika wilaya nyingi za kwetu, ni muuguzi. Daktari bingwa wa akili yuko mkoa mwingine.

Baba huyo aliuza shamba. Si jambo dogo, na binti asilipite kama halikutokea. Ningependa wazungumze wao wawili, mama ukiwa jikoni, mchana wa Jumapili watu wakiwa wameshiba. Baba aulize maswali yake yote, na la mshahara, na la usalama, na hata lile la "nani atamwoa muuguzi wa vichaa" ambalo najua analo moyoni hata kama hukuliandika. (Wanaolewa, mzee. Na wenza wao hunufaika, maana ni watu wanaojua kunyamaza.) Kisha amwombe amsimulie mgonjwa mmoja aliyemgusa. Asikilize kama binti anamsimulia kama mtu au kama kichekesho. Ajaribu kumchokoza, "ni mtoto wa nani huyo, anatoka ukoo gani?" Tuone kama atalitaja jina.

Kwa upande wa utaratibu, hana haja ya kuamua mwezi huu. Amalize kwanza stashahada yake, apate leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, afanye kazi ya uuguzi wa kawaida mwaka mmoja au miwili. Mgonjwa wa akili naye huugua kisukari, presha na malaria, na muuguzi asiyeweza kuyatambua hayo hamfai. Baada ya hapo, kama bado anaitaka wodi ile, aulize chuoni kwake kuhusu masomo ya kubobea. Mama, niandikie tena baada ya hiyo Jumapili.